Nukta Sitini na Tatu Juu ya Jiwe

Kinole,
3 Februari 2025

Mjomba Sufiani,

Shikamoo. Huku sote wazima, isipokuwa mama, na yeye si mgonjwa. Amekaa tu. Tangu juzi yuko kwenye kigoda nyuma ya jiko, anachambua pilipili manga zilizokwisha kuchambuliwa.

Jumamosi kulikuwa na mkutano wa kijiji. Mtendaji alisoma barua kutoka Tibanjema, ile kampuni iliyowapa wahudumu wa afya simu za kujazia habari za wajawazito. Barua ilisema mtambo wao umegundua wahudumu arobaini na mmoja wanaojaza ziara za uongo, yaani wanaandika kwamba wamemtembelea mama mjamzito ilhali wamekaa kwao. Kwenye karatasi hakukuwa na jina, kulikuwa na namba, MR-0417. Mtendaji akaomba simu ya mama, maana ndiye mhudumu wetu, akaigeuza, akasoma namba iliyobandikwa nyuma. Kisha akatamka mbele ya watu wote: Maimuna Abdulmajid. Simu akabaki nayo.

Mimi nilitaka kusimama. Unanijua, mjomba. Nikisimama mbele ya watu maneno yote yananikimbia. Hata darasani mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua, naangalia kucha zangu. Kwa hiyo sikusimama, na hilo linaniuma kuliko barua yenyewe. Kwenye karatasi angalau hakuna anayenitazama.

Miaka sita mama amepanda na kushuka vilima hivi. Nimefua sketi zake zenye matope mpaka magotini. Sasa shuleni wananiita Hewa. Mama ni mhudumu hewa, kwa hiyo mimi ni mtoto wa hewa. Leo asubuhi dada mmoja wa kidato cha nne amepitisha mkono juu ya kichwa changu, akauliza nani ameacha dirisha wazi. Darasa zima limecheka, hata Yuliana ambaye mama yangu ndiye aliyemsindikiza mama yake kwenda kujifungua.

Wewe unachambua data za afya huko mjini. Ulipohama kazi mwaka jana hukutuambia kampuni mpya inaitwaje, lakini nadhani watu wa kazi moja mnajuana. Naomba uniulizie jambo moja tu. Aliyeandika mtambo ule anaitwa nani? Sitamtukana. Nataka kumwandikia barua.

Hii nampa Mwinshehe wa kenta ya ndizi, aiache sokoni kama siku zote. Uliahidi kwamba nikikuandikia kwa mkono utanijibu kwa mkono.

Mpwa wako,
Shamsia


Kihonda, Morogoro,
11 Februari 2025

Mpwa wangu Shamsia,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nakupa pole, na umpe dada pole zangu nyingi. Mwambie asikonde, mambo kama haya huwa yanarekebishika.

Ningependa uelewe kidogo, kwa kuwa unapenda kuelewa. Mtambo wa namna hii haumchukii mtu. Unapitia maelfu ya fomu na kuangalia kila moja imejazwa wapi na saa ngapi. Ukikuta fomu nyingi zimejazwa mahali pamoja ndani ya dakika chache, unaweka alama ya mashaka, kwa sababu mtu hawezi kuwa katika nyumba tisa kwa wakati mmoja. Na wahudumu wanaodanganya wapo kweli. Mjamzito anayeandikwa ametembelewa wakati hakutembelewa anaweza kufa bila mtu kujua. Aliyeutengeneza alikuwa na nia ya kuwasaidia akina mama hao. Usimhukumu kabla hujamjua.

Sasa niambie, dada alikuwa akijazia wapi fomu zake? Na kwa nini hakujaza palepale nyumbani kwa mjamzito, kama walivyofundishwa kwenye semina? Jibu lako litanisaidia sana.

Kuhusu jina la mtu, mambo ya kampuni yana usiri wake. Nitaulizia. Wewe shika masomo. Nakutumia kitabu cha hisabati na kalamu nne.

Mjomba wako,
Sufiani


Kinole,
18 Februari 2025

Mjomba Sufiani,

Shikamoo, na asante kwa kitabu. Nimeshafika ukurasa wa hamsini. Hasira inanisaidia kusoma.

Umeuliza kwa nini mama hakujaza fomu nyumbani kwa mjamzito. Nilidhani unajua, maana umezaliwa huku. Mimba changa haitangazwi. Mwanamke anamwambia mama yake mzazi, halafu anamwambia mama yangu kwa sababu anamwamini, tena anamwambia jikoni huku wanamenya ndizi, mtu akipita asijue kama wanazungumzia mimba au kisamvu. Ukitoa simu ukaanza kubonyeza, anafunga mdomo. Anadhani unamrekodi. Semina hiyo waliifanyia hotelini, mama aliwaambia wakati uleule kwamba haitawezekana, wakamjibu kwamba ni suala la kuzoea.

Kwa hiyo simu inakaa kwenye kikapu. Mama anasikiliza, akitoka anaandika kwa penseli kwenye daftari dogo. Akimaliza nyumba zote anapanda kwenye jiwe la mtandao, lile karibu na mkarafuu wa marehemu babu, kwa sababu huku chini simu haishiki kabisa na fomu haziendi. Hapo ndipo anafungua daftari na kujaza fomu zote mfululizo. Fomu tisa kwa robo saa. Mimi ndiye ninayemshikia mwavuli mvua ikinyesha.

Nimelinakili daftari lote. Desemba peke yake alikwenda ziara sitini na tatu. Tarehe ipo, nyumba ipo, alichokikuta kipo: nani miguu imevimba, nani amekataa vidonge vya damu kwa sababu vinamtapisha, nani anaogopa kujifungua na hajamwambia mumewe. Mtambo umeona kidole cha mama juu ya jiwe. Miguu yake haukuiona.

Simu yake amepewa Kasimiri, yule fundi redio. Si mtu mbaya. Anafika mlangoni, anasimama kwenye kizingiti, anabonyeza majibu ili ayatume jioni akipanda jiweni, anaaga, anakwenda nyumba inayofuata. Nilimfuata nyumba nne. Ya tatu walimkaribisha ndani, akasema ana haraka. Nikajikaza nikamuuliza mbona haingii. Akanijibu, wala hakukasirika, "Simu inataka nifike, binti. Haijanidai niingie."

Wiki iliyopita Tibanjema wamemtumia pongezi. Ni wa kwanza katika kata nzima.

Kwa hiyo nauliza tena. Mtu huyo anaitwa nani? Mnasalimiana naye? Mnakula naye mchana?

Shamsia


Kihonda, Morogoro,
26 Februari 2025

Shamsia,

Ni mimi.

Tibanjema ndiyo kampuni niliyohamia mwaka jana. Mtambo nimeuandika mimi, miezi mitano, na nilikuwa nikiamka asubuhi na furaha ya kwenda kuuandika. Barua yako ya kwanza ilipofika niliiona ile namba, MR-0417, nikakaa chini. Naifahamu. Sikujua ni ya nani, kwetu ofisini watu ni namba, lakini naifahamu kuliko zote.

Januari walikuja wafadhili. Niliambiwa nichague mfano mmoja ulio wazi, mtu yeyote auone auelewe. Nikaichagua hiyo. Niliiweka ukutani kwa projekta: ramani tupu, na nukta sitini na tatu zimerundikana mahali pamoja. Mgeni mmoja akauliza hapo ni wapi. Nikasema pengine ni barazani kwake, anakunywa chai. Wakacheka. Nami nikacheka. Sikuikuza ile ramani. Ningeikuza kidogo ningeuona mto, ningekiona kilima, ningejua.

Nilikuficha kwa aibu. Lakini sikiliza, kuna njia. Naweza kuiondoa namba ya dada kimyakimya. Ni mstari mmoja tu. Wiki ijayo atarudishiwa simu, wataambiwa kulikuwa na hitilafu. Kwa sasa siwezi kufanya zaidi ya hapo. Mkuu wangu, Rahel, ameshatia saini kuupeleka mtambo mikoa mingine miwili. Nikisimama leo nikasema una kosa, sitaanguka peke yangu.

Usimwambie mtu kwamba mtambo ni wangu. Hasa dada. Nitamwambia mwenyewe, siku nyingine.

Sufiani


Kinole,
9 Machi 2025

Mdogo wangu Sufiani,

Asalaam aleikum. Ramadhani njema.

Shamsia hakuniambia. Nilikuwa natafuta karatasi ya kufungia pilipili, nikaikuta barua yako ndani ya kitabu cha hisabati. Nimeisoma nimesimama.

Usinifute. Ukinitoa peke yangu watu watasema nimetolewa na mdogo wangu, na hapo ndipo nitakuwa mwongo kweli. Na hao arobaini wengine je? Zuhura wa kule bondeni yumo, namfahamu. Yeye kwao hakuna hata jiwe, anajazia fomu juu ya paa la msikiti, fundi aliyeliezeka alimwachia ngazi.

Nikupe habari ya Furaha, mkwe wa mzee Ernest. Jumatano alituma niitwe. Sina simu, sina fulana yenu, nikaenda. Uso umevimba, kichwa kinamgonga, anaona vimulimuli. Jumatatu yake Kasimiri alifika mlangoni, akamwona amekaa kitini, akajaza hana dalili ya hatari. Tulimbeba kwa machela mpaka barabarani. Mwinshehe alishusha ndizi zake zote pembezoni mwa njia, akamlaza kwenye kenta, akaondoka naye mjini. Wamemfanyia upasuaji. Yeye mzima, mtoto mzima, wa kiume. Ndizi watu wamekula.

Sikuandikii ili kukulaumu. Njia hizi nilikubeba mgongoni, nyumba hizi zote umekula. Nakuandikia kukwambia uje.

Dada yako,
Maimuna


Kinole,
16 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Hiyo shikamoo mama amenisimamia mpaka nimeiandika.

Nilikaa na barua yako siku kumi bila kumwambia mtu, kama ulivyotaka. Nilikuwa nafuturu na mama naangalia sahani. Unajua inavyokuwa kumwona mama yako anasingiziwa, na wewe unalo jina la aliyemsingizia ndani ya kitabu alichokupa yeye mwenyewe?

Uliniandikia nisimhukumu kabla sijamjua. Nilimwonea huruma mtu huyo. Nililala nikifikiri, labda ni mtu wa mbali, labda hajawahi kuona mlima, labda kwao mtandao unashika hata kisimani. Kumbe ni wewe. Juu ya jiwe lilelile ndipo ulipopokea matokeo yako ya kidato cha nne. Unasimulia kila Idd. Ulivyopanda na simu ya kuazima, ulivyosubiri mtandao mpaka chaji ikabaki alama moja, ulivyoshuka ukipiga kelele mpaka bibi akadhani umeumwa na nyoka. Tunacheka kila mwaka. Watu wote duniani wangeweza kusahau jiwe hilo, lakini wewe mjomba ulilisahauje?

Na ulisema anakunywa chai.

Unasema ni mstari mmoja tu wa kumtoa. Basi na uliomwingiza ulikuwa mstari mmoja. Unaogopa hutaanguka peke yako. Mama alianguka peke yake, mbele ya kijiji, na hakuna aliyemwonyesha ramani. Furaha naye nusura aanguke peke yake ndani ya nyumba yake huku mhudumu wa kwanza katika kata amesimama mlangoni.

Tangu darasa la sita nikiulizwa nataka kuwa nani, nasema nataka kuwa kama mjomba Sufiani. Mwalimu ameniuliza tena juzi, tulikuwa tunachagua michepuo ya masomo. Nimeangalia kucha.

Kitabu sikirudishi. Hisabati haina kosa.

Mama amekwambia uje. Mimi naongeza sharti. Usije kusalimia. Tembea naye kutwa, nyumba zote. Halafu panda juu ya jiwe ujaze fomu kama anavyojaza yeye, kwa jina lako, na uangalie mtambo wako unasema nini juu yako.

Shamsia Mwinyimkuu
(nimeweka jina lote ili usinichanganye na namba)


Juu ya jiwe,
2 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Nimekuja na hukuwepo. Dada anasema Idd hii umekwenda Mikese kwa shangazi yako. Najua ulichokikimbia na sikulaumu.

Leo tumetoka saa moja asubuhi. Mvua ya jana imeacha utelezi, nimeanguka mara mbili kabla ya nyumba ya kwanza, na viatu vyangu vya mjini vimekuwa kichekesho kwa watoto. Dada hakuteleza hata mara moja.

Nyumba ya kwanza niliruhusiwa kukaa karibu na mlango wa jiko kwa sababu ni ndugu. Binti mjamzito wa pale alikuwa anaongea vizuri tu. Nikatoa simu, nikitaka kuona saa. Akageukia chungu, akaanza kusifu mvua. Dada wala hakunitazama. Alisema tu, "Weka mfukoni." Tukasubiri, tukamenya ndizi nyingine, na ilichukua karibu nusu saa binti arudi pale alipokuwa amefika.

Nyumba sita zilizobaki sikuingia. Mazungumzo yale si ya wanaume. Niliachwa barazani, na kila nyumba waliniletea kikombe. Sita, Shamsia. Sita barazani, nakunywa chai, wakati dada yangu yuko ndani anafanya kazi. Kikombe cha tatu nilikumbuka nilichowaambia wale wageni na sikuweza kukimaliza.

Tumefika hapa juu jioni. Nimefungua akaunti yangu ya kazini. Dada akanisomea kutoka kwenye daftari, nikajaza. Fomu saba, dakika kumi na moja. Kisha nikafungua kompyuta, nikauendesha mtambo. Ukaandika hivi: ziara haziaminiki, uwezekano wa udanganyifu asilimia tisini na sita.

Dada akauliza hicho kitu kinasemaje. Nikamwambia kinasema mimi ni mwongo.

Akakunja daftari lake, akasema, "Basi leo hakijakosea."

Nimemwandikia Rahel hapahapa, kwa jina langu. Nimemwambia mtambo unapima mahali fomu inapojazwa, hauupimi uongo, na kwamba wahudumu wote arobaini na mmoja warudishiwe simu, na barua isomwe kwa sauti kwenye mikutano ileile. Nimeambatisha fomu zangu saba na asilimia zake. Nimemweleza pia habari ya Furaha. Nimebonyeza kutuma kabla sijashuka, kwa sababu ninajijua, nikifika mjini ningeanza kupunguza maneno.

Sijui Jumatatu kama nitakuwa na meza ofisini. Barua hii naiacha kwenye kitabu chako cha hisabati. Ni yako, ifanye utakavyo.

Sufiani


Kinole,
5 Mei 2025

Mjomba Sufiani,

Juzi Jumamosi kulikuwa na mkutano. Mtendaji alisoma barua ya Tibanjema. Ilikuwa na mistari minne. Ilisema kumetokea hitilafu ya kiufundi iliyoathiri baadhi ya watumiaji, na kwamba mhudumu MR-0417 anaruhusiwa kuendelea. Hakuna samahani. Hakuna jina. Mara hii mtendaji hakugeuza simu, alisoma namba akakunja karatasi, akaingia kwenye ajenda ya mifereji.

Watu wengi hawakuelewa hata anazungumziwa nani. Mama hakuwepo, alikuwa kwa Furaha, mtoto anatimiza miezi miwili na anakohoa.

Nilisimama.

Sikuwa na neno langu hata moja, kwa hiyo nikasoma la kwako. Nilikuwa nayo ndani ya kitabu. Niliisoma barua ya jiwe yote, tangu viatu mpaka mwisho. Sikukuomba ruhusa, uliandika ni yangu. Nilikosea mara nyingi na sauti ilikuwa ndogo, bibi mmoja akaniambia nianze upya, nikaanza upya. Nilipofika kwenye vikombe sita wakaanza kuguna. Nilipofika kwa mama na daftari lake, kijiji kizima kilicheka, mtendaji naye alicheka huku anajaribu kutocheka. Kasimiri hakucheka. Jioni mama aliporudi alikuja nyumbani, akaweka ile simu juu ya kigoda, akamwomba mama amfundishe kuingia ndani. Mama amemjibu kwamba mwanaume hataingia, ila kuna wazee wa kiume wenye presha ambao hawatembelewi na mtu. Wameanza leo.

Shuleni bado wananiita Hewa, lakini sasa ni wakinikaribisha nikae nao.

Mwinshehe anasema ulimwambia sokoni kwamba umesimamishwa kazi mpaka watakapoamua. Na kwamba kati ya arobaini na mmoja waliorudishiwa simu ni wanane, wale ambao vijiji vyao vimelalamika. Kwa hiyo hasira yangu haijaisha, nimeihamisha tu. Jana nilikwenda bondeni kwa Zuhura. Daftari lake limelowa upande mmoja lakini linasomeka. Nimeanza kulinakili. Wewe huna meza, una muda. Ukiacha ya Zuhura, tafuta namba thelathini na mbili zilizobaki ni za nani, uniandikie majina kamili na vijiji, na mimi nitawaandikia kila mmoja anitumie daftari lake. Mwinshehe amekubali kubeba.

Mchepuo wangu nimeujaza. Nitakwambia ukija.

Mama hayupo hapa ninapoandika, yuko juu ya jiwe, na mvua inataka kunyesha, kwa hiyo nafupisha nimpelekee mwavuli.

Shikamoo, mjomba. Hii nimeiandika mwenyewe.

Shamsia